Je, Ajali Haina Kinga?



Yako maneno mawili ambayo sisi watu wa Mara twayasema upesi sana mtu anapoumia au kufa kazini. La kwanza ni hili: ajali haina kinga. La pili husemwa zaidi makaburini, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Yote mawili husemwa kwa wema, ili kuwatuliza wafiwa, wala sitaki kumnyang'anya mtu faraja yake siku ya msiba. Shida ni kwamba yakishasemwa, hakuna anayeuliza tena swali lolote. Watu hukunja mikeka, na siku ya tatu kazi ile ile huendelea mahali pale pale na kwa namna ile ile.

Basi nataka tuyapime maneno hayo kwa kutumia kazi moja tunayoiona hapa Ring'wani mwaka hata mwaka bila kuiangalia sana, yaani kazi ya vikundi vya kutengeneza barabara.

Wengi wetu twaijua kazi hiyo kwa kuipita tu, tukiwa juu ya pikipiki au ndani ya gari, tumefumba macho kwa vumbi. Barabara kuu na za mkoa zimekuwa chini ya TANROADS tangu mwaka 2000. Zile ndogo, za kutoka kijiji hadi kijiji, zilikuwa za halmashauri mpaka ilipoundwa TARURA mwaka 2017. Fedha nyingi za matengenezo hutoka katika Mfuko wa Barabara, ulioanza mwaka 1998, na hukusanywa katika kila lita ya petroli na dizeli. Kwa hiyo hata kijana wa bodaboda aliyejaza chupa moja ya petroli amechangia. Lakini greda huja mara moja kisha likaondoka, nasi twabaki na udongo wetu. Anayeujua udongo mweusi wa mabondeni kwetu hahitaji kufundishwa: maji yakituama barabarani siku mbili tatu, barabara imekwisha. Kinachoiokoa ni mkono wa mtu. Mtu azibue kalavati, afyeke kando, achimbue mtaro wa kuyatoa maji kwenda porini, ajaze mashimo moramu na kushindilia.

Kazi hiyo siku hizi hupewa pia vikundi vya wananchi. Sheria ya manunuzi ya umma imeagiza taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi maalumu, yaani vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, na fedha iliyokuwa ikiishia mjini sasa hufika mpaka dukani kwetu.

Watu hufika barabarani umande haujakauka, kila mmoja na jembe au fyekeo alilotoka nalo nyumbani. Kiongozi hupima kwa hatua au kwa kamba, na kila mtu hupewa ngwe yake: mita kadhaa za mtaro, au upande wa kufyeka, au idadi ya toroli za moramu. Ngwe ikiisha, siku imeisha. Mtu hurudi kwake kupalilia mihogo au kupeleka ng'ombe majini. Ndiyo maana watu huipenda kazi ya ngwe kuliko kazi ya kutwa, nami siwalaumu.

Lakini angalieni ngwe inavyomfanya mtu. Kila dakika anayoitumia kujilinda ni dakika inayotoka katika shamba lake mwenyewe. Akisimama kungoja mwenye bendera amsimamishe dereva, ngwe haisogei. Akienda mbali kutafuta mti mrefu wa kuchokolea kalavati, ngwe haisogei. Basi huingia mwenyewe kwa magoti ndani ya bomba, mahali ambapo nyoka naye amejisitiri na watoto wametupa chupa zilizovunjika. Na pale machimboni, ambako moramu huchimbwa, jambo ni baya zaidi. Anayetaka kujaza toroli upesi haanzi juu. Huchimba chini, kwenye kitako cha ukuta, mpaka udongo wa juu ubaki unaning'inia. Kisha huupiga kwa mtaimbo, au huungoja ushuke wenyewe. Kazi ya saa mbili humalizika kwa nusu saa. Siku nyingi hakuna linalotokea, na siku hizo nyingi ndizo zinazomfundisha mtu kwamba hakuna litakalotokea. Siku moja udongo hushuka kabla hajatoka. Mita moja ya ujazo ya udongo hupita uzito wa tani moja, na mtu aliyefukiwa mpaka kifuani aweza kukosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje na anawaona wenzake wakimkimbilia.

Je, hiyo nayo tuiite ajali isiyo na kinga?

Nadhani methali yetu ilitungwa kwa ajili ya mambo mengine. Radi ikimpiga mtu aliyekuwa akitembea zake, twaweza kusema hivyo. Methali yatukumbusha kwamba mwanadamu hayawezi yote, na ni vizuri tukumbushwe. Lakini ukuta uliochimbwa chini hadi ukaning'inia, kila aliyepita pale asubuhi aliuona. Watoto waliokwenda shule waliuona. Jambo ambalo kila mtu aliliona likija, kisha likaja, haliwezi kuitwa kwa jina lile lile la radi. Kinga ilikuwako, nayo ilikuwa kuanza kuchimba juu, kwa ngazi, na kuchelewa kidogo.

Na lile neno la pili, la kazi ya Mungu? Mnakumbuka kwamba Bwana Yesu aliwahi kuwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Aliwakatalia wasikilizaji wake wazo la kwamba wale walikuwa wakosaji kupita wenzao. Aliwaonya wajiangalie wao wenyewe. Hakusema mnara ulijengwa vizuri. Sioni kwa nini sisi tumsingizie Mungu kazi ya sururu.

Liko neno la tatu, nalo halisemwi makaburini bali njiani wakati wa kurudi, kwa sauti ya chini: "Alikubali mwenyewe." Hakuna aliyemlazimisha. Alijua ni hatari, akachukua ngwe, na malipo alikuwa akiyataka. Hili ndilo gumu hasa, maana halina uongo ndani yake. Ni kweli alikubali. Mtu mzima akisema ndiyo, twapaswa kuiheshimu ndiyo yake, la sivyo tutakuwa tunamfanya mtoto.

Swali hili si la Ring'wani peke yetu. Kule Uingereza, mwaka 1837, mahakama iliamua kesi ya mtumishi wa mchinja nyama mmoja, jina lake Priestley. Tajiri wake, Fowler, alimpandisha kwenye gari la farasi lililopakiwa mzigo kupita kiasi. Gari likavunjika, naye akavunjika paja. Baraza la wazee wa kesi lilimpa paundi 100, lakini majaji wakamnyang'anya. Lord Abinger alieleza kwamba mtumishi hakulazimika kupanda. Akiona hatari, angaliweza kukataa. Aliongeza kwamba tajiri akianza kuwajibika kwa mambo kama hayo, kesho atashtakiwa kwa sababu mjakazi amemtandikia mtumishi mwenzake kitanda chenye unyevu. (Watu walio mbali na sururu hawakosi mifano ya kuchekesha.) Ukimwona kijana ameketi juu ya kifusi ndani ya lori linaloyumba, kumbuka kwamba kesi yake ilikwisha kusikilizwa zamani, naye alishindwa.

Ilichukua zaidi ya miaka 50 mawazo hayo kurekebishwa. Mwaka 1891, katika kesi ya Smith na Baker, mtu mmoja alikuwa akitoboa mwamba kwenye ujenzi wa njia ya reli, na winchi ilikuwa ikipitisha mawe juu ya kichwa chake bila yeye kuonywa. Alijua. Aliendelea na kazi miezi kadhaa, mpaka jiwe likamwangukia. Safari hii mahakama ya juu ya nchi ile ilisema kwamba kujua hatari si sawa na kukubali kuibeba. Mtu aweza kujua mawe yanapita juu, aogope kila siku, na aendelee kufanya kazi, bila kuwa amemsamehe mwenye winchi.

Naona walisema kweli, ila nataka nisogee hatua moja mbele yao. "Ndiyo" ya mtu ina uzito kulingana na "hapana" aliyokuwa nayo mkononi. Mama ambaye ada ya mwanawe inadaiwa, na mahindi yake yameliwa na ukame, hana "hapana" ya kumpa kiongozi wa kikundi. Akisema hapana, toroli lile lile hupewa jirani yake siku hiyo hiyo. Basi ndiyo yake yatuambia kwamba ana njaa. Haituambii kwamba ukuta ni salama, wala haituambii kwamba ametuachilia deni letu. Tukiichukua njaa ya mtu tukaifanya kuwa hati ya kutusamehe, tumefanya jambo ambalo tusingependa lifanywe kwa watoto wetu.

Deni hilo ni la nani? Hapa watu hupenda kumtafuta mmoja wa kumbebesha lote. Mara nyingi humkamata kiongozi wa kikundi, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Naye ni maskini kama wengine. Jembe lake limeisha makali kama majembe yao. Yeye aliipanga ngwe kubwa kwa sababu bei ya kazi ilikuwa ndogo. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu aliyeandika makadirio aliandika fyekeo na toroli, akasahau buti na bendera. Au hakusahau, aliona zitapandisha gharama. Kisha tuko sisi tunaopita. Dereva aliyekemewa kwa kuchelewa hapunguzi mwendo kwa ajili ya bendera nyekundu iliyofungwa kwenye fimbo, na abiria waliomo ndani humwambia akaze mwendo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria ndogo ambayo huwa hatuihubiri. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Wafugaji wa kwetu wataielewa mara moja. Angalieni kwamba sheria ile haiulizi kama ng'ombe aliliona shimo. Haiulizi kama mchimbaji alikuwa na nia mbaya. Yauliza tu nani aliyelichimba, na kama alilifunika. Nikiisoma mbele ya machimbo yetu naona kwamba shimo lile lina wachimbaji wengi. Aliyeshika sururu ni wa mwisho wao, naye mara nyingi ndiye huyo huyo anayefukiwa.

Sheria za nchi nazo zimeelekea huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Shirika la Kazi Duniani lilisema jambo hilo hilo katika mkataba wake wa mwaka 1981, na mwaka 2022 liliuweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza Julai 2015, ambao waajiri huuchangia. Haya yote ni mema. Lakini mwanachama wa kikundi kilichopewa kazi ya miezi mitatu, yeye ni mwajiriwa wa nani? Je, amejiajiri mwenyewe, na hivyo ajinunulie buti mwenyewe na kujilipa fidia mwenyewe? Viongozi wa vikundi wangefanya vema kuliuliza hili kabla ya kutia sahihi, na kulitaka jibu kwa maandishi.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana una nguvu. Mzee mmoja aliniambia hivi: "Mwanangu, wewe unataka buti na koni. Fedha hiyo hiyo ingeongeza nusu kilomita. Juzi juzi mama mjamzito alikwama kwenye matope akipelekwa Mugumu. Roho yake ni nyepesi kuliko ya kibarua?" Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba barabara huokoa watu, na kila shilingi hutumika mara moja tu. Mtu asiyelisikia neno la mzee huyo hajawahi kumbeba mgonjwa kwa machela.

Nimelifikiri tangu siku ile, na nimeona mambo mawili. Kwanza, kinga nyingi hazili kilomita. Kuchimba ukuta kwa ngazi kuanzia juu hakununuliwi dukani. Bendera mbili, ya mbele na ya nyuma ya kikundi, ni vitambaa na fimbo. Kutoingia ndani ya bomba, kutopanda juu ya kifusi, kuwa na mtu mmoja anayetazama tu wakati wenzake wakichimba: gharama yake ni muda, na muda ni suala la ukubwa wa ngwe. Pili, pale ambapo kinga ina bei kweli, kama buti, glavu na vizibao vinavyong'aa, haipotei tukikataa kuilipa. Hulipwa na mguu wa mtu. Nusu kilomita ile tuliyodhani tumeipata bure ina mwenye kuilipia, ila hakuandikwa kwenye makadirio. Mama mjamzito anastahili barabara. Sidhani angeitaka kwa bei hiyo kama angeulizwa, lakini haulizwi, nasi ndio tunaotumia jina lake.

Wako wanaosema kwamba hata vifaa vikiletwa, watu wenyewe huvivua. Ni kweli, nimewaona. Buti za saizi moja kwa watu kumi na watano, jua la saa sita, kizibao kinachopokezanwa kikiwa na jasho la jana, nani asingevua? Na vijana humcheka anayevaa. Dawa ya kicheko hicho naijua moja tu, kiongozi avae wa kwanza na avue wa mwisho. Akivua yeye, hata waziri akija kuhutubia hatasikilizwa.

Kabla hatujawanyoshea kidole wakubwa, tuangalie siku zetu wenyewe za kujitolea. Tangu Uhuru, mwaka 1961, tulipoambiwa "Uhuru na Kazi", watu wa vijiji wamekuwa wakichimba barabara kwa mikono yao bila kulipwa, na kanisa nalo hufanya hivyo hivyo. Jumamosi ya kazi twawaita akina mama na vijana kuchimba moramu ya njia ya kanisani. Hapo hakuna mkataba, hakuna makadirio, hakuna mfuko utakaofidia. Mtu akiumia twapitisha kapu la sadaka Jumapili moja, kisha twasema yale maneno mawili. Ngwe hupangwa na nani siku hiyo? Na ukuta wa machimbo hukaguliwa na nani? Mwenye shimo hapo si serikali.

Nayo mashimo ya zamani bado yako wazi. Mikataba ya barabara kwa kawaida humtaka mkandarasi ayasawazishe machimbo akimaliza, lakini yako yaliyoachwa, na mengine tuliyachimba sisi wenyewe kwa ajili ya matofali na nyumba zetu. Wakati wa masika hujaa maji. Ng'ombe hunywa humo, na watoto wasiojua kuogelea huoga humo baada ya shule, kwa kuwa maji yametulia na hayaonyeshi kina chake. Masika huanza Machi. Nimewaomba wazee wa kanisa wapite kuyahesabu yaliyo karibu na shule na njia za kuchotea maji, wampelekee mtendaji wa kijiji hesabu hiyo kwa maandishi, na wabaki na nakala. Yapo ambayo hayatafukiwa mwaka huu. Hayo yaweza kuzungushiwa miiba. Miiba ipo tele, na vijana wa kwaya wana mapanga.